Wangui Wawili, Kadi Moja

Majengo, Nyeri
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwako Mama yangu,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kwa karatasi, nikikuona hapo barazani Msambweni na cherehani yako na uzi mdomoni. Goti linaendeleaje? Na vidonge vya presha, unameza kila siku kama ulivyoambiwa, au umerudia mtindo wako wa kumeza siku ukikumbuka? Nijibu kweli, maana leo mimi mwenyewe nakuandikia kweli.

Mwilini sina neno. Nakula, na lile koti ulilosema ni la wazee ndilo nililovaa hata sasa ninapoandika. Jua hatujaliona siku ya nne, na mlima wenyewe hauonekani, tunaambiwa tu kwamba upo. Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, ananiletea chai ya tangawizi na kunicheka kwamba watu wa pwani tumeumbwa kwa sukari.

Utauliza kwa nini barua, na simu ninayo. Mama, kwenye simu ukiniuliza, "Hujambo, baba?" ulimi unateleza wenyewe, "Sijambo, salama tu." Nimekudanganya hivyo Ijumaa tatu mfululizo. Kwa hivyo barua hii isome mwenyewe. Usimpe dada Mwanasiti akusomee, atalia kabla hajafika ukurasa wa pili.

Unajua kazi yangu ni kuandika programu, yale maagizo yanayofuatwa na kompyuta. Ofisini tuko wawili, mimi na bosi wangu Kariuki, chumba kimoja juu ya duka la mabati. Mwaka jana Kariuki alituletea ile akili mnemba mnayoisikia redioni, ambayo unaiandikia swali nayo inakujibu kama mtu. Tuliipa jina la Fundi. Unamwambia unataka programu ifanye nini, naye anakuandikia maagizo, wewe unayachukua na kuyaweka mahali pake.

Sitaki kumsingizia Fundi. Mwanzoni alikuwa rehema kwangu. Huku sina mwenzangu wa kumuuliza kazi, na Kariuki ni mtu wa kutafuta wateja, kompyuta anaijua kwa kuwasha na kuzima. Nilikuwa nikikwama siku mbili kwa kosa la nukta moja. Fundi analiona papo hapo, ananieleza kwa nini ni kosa, na nikirudia swali lile lile la kijinga haguni. Amenifunza mambo ambayo chuoni tuliyaruka. Kazi ya mwezi nikaimaliza kwa wiki moja, na Kariuki akaanza kuwaahidi watu kazi za wiki moja.

Ila kidogo kidogo niliacha kusoma anachoniandikia. Kwanza nilisoma kila mstari, kisha nikasoma juu juu, mwisho nikawa nachukua tu na kubandika, ikifanya kazi namshukuru Mungu. Ulizoea kutuambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi siku zote nilidhani unamsema Ami Bakari.

Mapema mwaka huu tukapata kazi ya zahanati moja hapa mjini, zahanati ndogo ya mtu binafsi. Wanaotibiwa pale wengi ni akina mama wazee wa presha na sukari, wanaoshuka kutoka vijijini. Walitaka kadi zao zote za karatasi ziingie kwenye kompyuta. Wasichana wawili walichapa wiki nne, na kila jioni muuguzi mmoja, Sista Muthoni, alikaa na kadi mkononi akilinganisha moja moja na kilichochapwa, mpaka akatia sahihi kwamba zote zimeingia sawa.

Nilipoletewa orodha nikakasirika. Majina yalikuwa yanajirudia kila mahali. Wangui Gichuki, na chini yake Wangui Gichuki tena. Mwangi Nderitu mara tano. Nikasema hawa wasichana walikuwa wanasinzia, wamechapa kadi moja mara mbili mbili. Sikumuuliza mtu. Nikamwandikia Fundi: nisafishie orodha hii, majina yamerudiwa kwa makosa, wenye jina moja, kijiji kimoja na simu moja wawe mtu mmoja, na ibaki kadi iliyo mpya zaidi. Kabla chai yangu haijapoa kazi ilikuwa tayari. Orodha ikawa fupi na safi, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mtu wa huku analijua isipokuwa mimi. Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba yake, na mwana wa kwanza jina la babu yake. Ndugu watatu wakizaa mabinti, kila mmoja anampa wake jina la mama yao. Basi boma moja linakuwa na akina Wangui watatu, wote wajukuu wa Wangui mmoja, na watu wa familia nyingi wanajiandika wote kwa jina la babu, kwa hivyo wote ni Gichuki. Wakizeeka, wote wanapigiwa kwa simu ya mpwa mmoja. Wasichana hawakusinzia hata kidogo. Na sisi Msambweni akina Fatuma Ali wamejaa tele, ningetulia nikafikiri ningelijua hilo. Sikufikiri, kwa sababu nilikuwa na wa kunifikiria.

Wangui Gichuki mmoja anauza nduma, ndiyo majimbi yetu, soko la Karatina. Kadi yake ya zamani ilikuwa na maandishi mekundu juu kabisa, kwamba asidungwe penisilini, mwili wake hauiwezi, itamuua. Wangui Gichuki wa pili ni binamu yake, ana presha tu, na kadi yake ilikuwa mpya. Programu ikabakisha ile mpya na kuitupa ya zamani pamoja na onyo lake. Mimi nikawaambia wenye zahanati kazi imekwisha, nao wakazichoma kadi zote chini ya pipa la kuchemshia maji. Orodha ya kwanza, kabla ya kusafishwa, niliifuta kwa mkono wangu kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa.

Karibu mwezi umepita tangu yule muuza nduma aje na kidonda kibaya mguuni. Wa zamu alikuwa Sista Muthoni. Alitazama kompyuta, hakuona onyo lolote. Na bado alimuuliza, Mama, hilo nataka ulijue.

"Cucu, kuna dawa inakukataa?" Cucu ndiyo bibi kwa lugha yao.

"Si iko kwa kadi," cucu akamjibu. "Nyinyi ndio mliandika."

Kompyuta haikuwa na neno, Sista akamdunga penisilini. Cucu hakufika mlangoni, uso ulivimba na pumzi ikamkatika, wakamkimbiza hospitali kubwa akiwa hajui aliko.

Binti yake alipokuja alisema wazi kwamba kwenye kadi kulikuwa na maneno mekundu, ameyaona miaka yote. Wenye zahanati wakachukua ile karatasi aliyotia sahihi Sista Muthoni, wakamwambia, wewe ndiye uliyelinganisha, umeiruka hii. Wamemsimamisha kazi. Ijumaa ya wiki ijayo wanakaa kikao kuamua kama watamfukuza na kumshtaki kwa wakubwa wa wauguzi, na hapo hatashika sindano tena maisha yake.

Mimi nilijuaje? Siku tano baadaye niliitwa pale kutengeneza mashine ya kuchapisha. Akaingia cucu mwingine kuchukua dawa ya presha, akataja jina.

Msichana wa mapokezi akatazama kompyuta. "Cucu, hii kitu inasema uko hospitali."

"Mimi? Ati hospitali gani? Huyo ni cousin yangu. Sisi wote ni Wangui."

Watu wote kwenye benchi wakacheka. Mimi nikakaa chini na bisibisi mkononi.

Nilirudi ofisini nikafungua mazungumzo yangu na Fundi. Mistari yenyewe iliyofanya kazi hiyo haizidi sita. Na chini kabisa, ambako sikuwa nimeshuka kusoma, Fundi alikuwa ameandika kwa adabu zake: hakikisha kwanza kwamba hawa wenye majina sawa ni mtu mmoja kweli, na utunze nakala ya orodha ya awali. Alinionya, Mama. Nikamwomba anirudishie watu niliowaunganisha. Akaniambia bila orodha ya kwanza haiwezekani, akanipa njia ya kubahatisha. Niliijaribu, ikawapasua vipande viwili watu ambao kweli ni mmoja. Nikajaribu kuandika mwenyewe, bila yeye. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta saa nzima na sikujua nianzie wapi, kwa kazi ambayo miaka miwili nyuma ningeifanya huku nikila. Niliona aibu ingawa nilikuwa peke yangu chumbani.

Nikamwambia Kariuki. Alifunga mlango kwanza.

"Wacha hiyo maneno, Athumani. Kadi zilichomwa, zimeisha. Ukiongea, hii ofisi imefungwa, na hakuna mtu atakupatia kazi hii Nyeri yote. Utaonyesha nini? Uko na proof gani?"

Sina. Kwenye kompyuta kuna Wangui mmoja, na anaonekana alikuwa mmoja siku zote. Nina yale mazungumzo na Fundi tu, na Kariuki ameniambia niyafute. Sijayafuta. Sijamwonyesha mtu pia. Usimchukie Kariuki, ni mtu aliyenipokea nikiwa sijui hata kuvaa soksi mbili, na ameogopa kama nilivyoogopa mimi.

Ninachofanya sasa utanicheka. Kila asubuhi naenda zahanati, nakaa kwenye benchi na daftari, na kila anayeingia namuuliza kama ana ndugu wa jina lake anayetibiwa hapo. Nimewaambia natengeneza programu mpya. Juzi bibi mmoja alinitazama kwa huruma, akasema, "Kijana, mimi niko na macousin wanne wa jina yangu, na mmoja tulizika Disemba. Sasa wewe unataka nani?" Nikaandika wote wanne. Wangapi wengine nimewaunganisha, nani ana sukari na kompyuta haijui, nani kadi yake ina ugonjwa wa mwenzake, sijui. Wengine huja mara moja kwa miezi mitatu. Benchi lile halinitoshi, Mama, na kila mlango ukifunguliwa nainuka na daftari kabla sijamwona anayeingia.

Cucu Wangui amezinduka, alhamdulillahi. Bado ni dhaifu na anasahau sahau. Nilikwenda wodini nikiwa nimejipanga niseme kila kitu. Nilipofika alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia binti yake kwa Kikuyu maneno marefu, na binti akanitafsiria. "Anasema wewe mtoto wa wenyewe umekuja kumwona mara tatu, na watu wa ile zahanati hakuna hata mmoja amekuja. Anasema Ngai akubariki." Wakanifungia nduma kwenye mfuko. Mficha uchi hazai, naijua methali hiyo tangu nikiwa mdogo, na bado nilipokea ule mfuko, nikashukuru, nikatoka.

Jana ndiyo imenivunja kabisa. Nilikwenda kwa Sista Muthoni, anakaa mtaa wa Skuta. Njiani nilikuwa nayarudia maneno yangu kama mtoto anayekwenda kusoma Kurani mbele ya mwalimu. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai na mkate, akaniambia watoto wake wako shule. Kisha akaanza yeye kusema, kabla yangu.

"Athumani, nimefikiria sana. Ile kadi lazima ilipita kwa mkono yangu. Nilikuwa natoka zamu, halafu nakaa na hizo makadi mpaka jioni. Nilichoka. Nafikiri macho yangu imezeeka, na nilikuwa najidanganya. Yule mama karibu afe kwa sababu ya macho yangu."

Akafungua mkoba, akatoa miwani mpya, akaivaa. Akanigeukia dirishani kwenye mwanga ili niione vizuri, akaniuliza kama inamkaa.

Mama, macho ya Sista Muthoni hayana kasoro yoyote. Aliiona ile kadi, aliona wino mwekundu, alihakikisha umeingia, na mimi nikaufuta baada yake. Neno moja lilitosha. Nikamwambia inampendeza, nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Nisalimie Mwanasiti, dada yangu, na mumewe, na umwambie nimeipata picha ya mtoto. Nisalimie Ami Bakari, na umwombe radhi kwa niaba yangu bila kumwambia ya nini. Nisalimie Bibi, umbusu mkono, na Mjomba Hamisi anayekuletea samaki, na shangazi zangu wa Vanga, wote na majina yao yote matatu matatu.

Barua hii nampa dereva wa mizigo, utaipata kabla ya kikao. Ukishaisoma nipigie, ila usinitulize na usiniombee radhi kwa mtu wa huku. Niulize swali moja tu, "Umeshamwambia Sista?" Nikinyamaza, Mama, usikate simu.

Mimi mwanao,
Athumani