Ndege Iliyowaka Mara Moja

Mlandege, Iringa. Jumanne, Julai 1956

Baridi ya leo ni ya kukata masikio, na ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Nimeshinda nimenuna, na sijui nimnunie nani.

Baba Tumaini alikuja. Alikaa pale uwanja wa ndege muda wa kunywa togwa tu, akaondoka.

Mume wangu ni fundi wa ile ndege ndogo ya jeshi iliyopo Mbeya, inayobeba barua, dawa na maofisa. Utaratibu wao ni kwamba fundi aliyeitengeneza lazima naye apande. Kama hakukaza nati vizuri, na yeye yumo. Kwa hiyo kila inapotua Iringa, namwona. Mwezi uliopita ilivuja oili hapa hapa, wakasubiri spea ije kwa gari, nikawa na mume nyumbani wiki nzima. Nilichoka kupika, na nilifurahi mno.

Sasa kuna bwana mkubwa wa jeshi kutoka Nairobi anaipima: inawakaje kwenye baridi, inaharibika mara ngapi, matengenezo yake yanachukua muda gani. Ikionekana ya kutegemewa inahamia Nairobi pamoja na fundi wake, bila familia. Ikishindwa, Baba Tumaini anarudi kwenye karakana ya malori hapa mjini.

Nilikuwa nimepania kumwambia leo. Amweleze yule bwana kwamba injini ina kasoro, basi. Neno la fundi lingetosha. Nilitoka nyumbani nimebeba viazi na togwa, njia nzima nayapanga maneno yangu.

Akaja mbio mpaka kwenye uzio wa uwanja, mikono myeusi kwa oili, anacheka.

"Mama Tumaini, umesikia? Imewaka mara moja tu, na baridi yote hii!"

Sijauona uso ule tangu mtoto azaliwe.

Nikamwambia hongera.

Jamani, ningesema nini kingine? Nina hamu na mtu huyu mpaka nalala na shati lake la kazi, na nimekataa kulifua. Lakini kumwambia adanganye kuhusu kazi yake, mdomo ulikuwa mzito. Angenikubalia, halafu angekaa humu ndani kama mgeni.

Kesho wanaijaribu kwa mara ya mwisho, huko Mbeya. Jioni hii nimepiga magoti. Nimemwombea mume wangu, nikamwombea na rubani, watue salama wote wawili. Nilipofika kwenye ndege yenyewe, sikuomba iwake wala igome; nikasema amina, nikainuka.