Fasi ya Kidole Gumba

Neema mujukuu wangu,

Habari za Kakoba? Hapa Misiera tuko wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Uliona picha ya gitaa yako ya besi uliyoniachia niipake rangi, ukauliza: "Koko, mbona umeacha fasi moja, pahali padogo hivi, bila rangi?"

Nikiwa kijana kule Kivu, niliipiga msasa besi ya korali yetu, kwaya ya kanisa, nikaipaka vanishi ikang'aa. Mzee aliyekuwa akiipiga akaishika, akafumba macho, kidole gumba kikatafuta kishimo pale kilipozoea kulala, kisikione.

"Kijana, umefuta fasi yangu."

Hakunigombeza. Alicheka, akanikalisha karibu, akanifundisha kupiga. Namushukuru mpaka leo.

Yako nimeichorea maua ya bluu kila upande. Pale kidole chako kilipokula mbao, sijagusa. Fasi yako iko.

Koko wako