Bango Lililokuwa Juu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mama bado anayavumilia macho yake. Mimi mwili hauna neno, mengine utayasoma.

Umeniandikia kwamba mama atapasuliwa macho Jumatatu, na kwamba amekwisha kumwambia daktari kuwa bandeji ikitolewa, kitu cha kwanza anachotaka kuona ni bango la marehemu kaka. Niliposoma hapo nilikaa chini.

Unaujua ugonjwa wangu wa mabango ya sinema. Shemeji huniita mzee wa makaratasi, na hakosei. Wenzangu hukusanya yenye nyota maarufu. Mimi nataka ya mwanzo kabisa, ya enzi za sinema bubu, yaliyochapwa kwa mabamba ya mawe yaliyopakwa wino, rangi moja baada ya nyingine. Katika baadhi ya yale ya kwanza hata mchezaji hakuchorwa. Walichorwa watazamaji, wamekaa ukumbini wamekodolea macho kitambaa cheupe, kwa sababu ajabu yenyewe ilikuwa ni kule kutazama. Miaka ishirini nimelitafuta moja la namna hiyo.

Basi walipotaka kuubomoa ukumbi wetu wa sinema, niliununua ule ubao wa matangazo wa mlangoni. Mwonyesha picha mstaafu alinihakikishia kwamba hapo hakuna bango lililowahi kubanduliwa. Jipya lilibandikwa juu ya la zamani, tangu siku ya kufunguliwa, enzi hizo za sinema bubu. La juu kabisa lilikuwa la kaka, alilolichora kwa mkono miezi mitatu kabla kifua hakijammaliza. Unakumbuka hakupewa picha ya mwigizaji wa kike wa sinema hiyo, akamchora mama na kidoti chake chini ya jicho, mtaa mzima ukamtania kwamba amekuwa nyota. Mama alijifanya amekasirika, lakini sokoni akawa anakwenda kwa njia ile ya ukumbini tu.

Nilikuandikia kwamba wabomoaji waliuvunja ubao, ukawalaani, na mama ukamficha. Dada, umewalaani watu wasio na kosa.

Ubao ulifika kwangu mzima. Fundi wa karatasi alinionya nisiuguse mpaka aje, baada ya wiki mbili. Nikashindwa kungoja. Nilichemsha birika, nikauelekeza mvuke, nikashika kisu chembamba. Nilijua kaka alitumia rangi ya unga iliyokorogwa kwa maji na gundi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkorogea. Nikajiambia nitawahi kulibandua kabla rangi haijalowa. Sikuwahi. Kidoti kilitangulia kushuka shavuni, likafuata jicho, kisha mama mzima akaishia sakafuni. Na hata hapo sikuacha. Hilo ndilo linalonitesa, dada, kwamba sikuacha. Nilipangusa maji nikaendelea kubandua, tabaka baada ya tabaka, hadi chini.

Lilikuwepo, rangi zake kama za jana. Watu wamekaa safu tatu, wanatazama na kucheka. Mama alizoea kuniambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimeligeuza, limetazama ukuta.

Usimwambie ni wabomoaji. Mwambie ni mimi, na umwambie kabla bandeji haijatolewa, maana nikija atanitazama mikononi kwanza.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama usimpe salamu zangu mpaka aziulizie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mkoroga rangi