Pijo la Baba Limevuka Kamanga

Kisesa,
Mwanza.
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Jonathan,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Winnie na mwanetu Favour, na kwamba baridi ya huko Uskoti bado haijawafungia ndani. Kile kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Vuli haijaanza, vumbi la Kisesa unalijua mwenyewe, na sato wameadimika sokoni mpaka tumerudia dagaa kama zamani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nilianza kukuandikia ujumbe, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Habari zenyewe ni za Mama na Pijo la Baba, ile pikapu yake kuukuu, na kila nilipojaribu kuzifupisha zilionekana mbaya kuliko zilivyo.

Uliponiambia tuliuze lile gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, niliona una haki. Tangu tumzike Baba lilikuwa limekaa tu bandani, kuku wanatagia nyuma. Nikapita nyumbani kwake nikamweleza Mama. Hakubishana. Alikwenda bandani, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti chake kilekile cha kushoto. Nilipomfuata akasema, "Selina, linivushe kwa kivuko cha Kamanga mara moja tu, nikamwone dada. Baada ya hapo fanyeni mnavyotaka."

Unajua mama mkubwa Modesta macho yamezima kabisa sasa. Yuko palepale Sengerema, na dada zetu wa ukoo wanapokezana kumwangalia. Nikamwambia Mama siku hizi kuna daraja pale Busisi, nitakodi gari zuri, tutafika bila hata kusimama. Akanijibu, "Daraja halinijui mimi. Baba yenu alinileta kwa Kamanga, kwa gari hili." Nikachukua ndoo na sabuni.

Kaka, nilipoanza kulisafisha nilikukumbuka sana. Unakumbuka mwezi wa sita, siku za ngoma za Bujora, Baba alivyokuwa akibeba wachezaji na ngoma zao? Sisi tulibanana katikati ya zile ngoma kubwa, harufu ya ngozi na petroli ikitulevya, na kila gari likiruka shimo ngoma zinajipiga zenyewe. Wewe ulikuwa unadai ndiye unayejua kuzipiga. Baba akiimba kule mbele, sauti haikai popote, na Mama akicheka hadi anashika dirisha. Sijamsikia Mama akicheka vile tena.

Basi nikatafuta fundi. Gereji ya kwanza ilikuwa mjini, na jina lake sitaliandika hapa. Waliniambia njoo Jumatatu, Jumatatu wakasema Alhamisi, Alhamisi simu haipokelewi. Nilipokwenda mwenyewe nililikuta juani, boneti wazi, vijana wawili wamekaa ndani wanasikiliza mpira. Mwishowe nikakabidhiwa, linaunguruma vizuri tu. Mama akavaa kitenge chake cha zambarau, tukaondoka.

Lilituzimikia kwenye foleni ya kivuko, Jonathan. Mbele ya watu wote, kivuko tunakiona, moshi mweupe unatoka kwenye boneti kama tunapika. Magari ya nyuma yanapiga honi. Wabeba mizigo wakaja kulisukuma pembeni na Mama akiwa ndani, maana alikataa kushuka. Kivuko kikaondoka. Nilipomgeukia nikaona machozi yanamtoka bila sauti. Akasema, "Baba yenu asingekubali lisukumwe hivi." Nilijisikia vibaya kuliko siku ya msiba.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza samaki, Gladness, ana gari lake la kubebea barafu. Alishuka akampa Mama maji, akaniuliza nani alinitengenezea. Nilipomtajia akaguna. "Lipeleke kwa Otuoma, Nyakato," akasema. "Ila ujue yule hana maneno matamu." Akatuvuta kwa kamba hadi huko.

Na kweli hana. Otuoma ni mtu wa Shirati, mrefu, mvi zimemjaa, na gereji yake ni uwanja tu wenye mwarobaini na mabati, lakini umefagiliwa. Alisikiliza injini, akachomoa kijiti cha oili, akaninyooshea nione. Oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia humu. Gasketi ya hedi imeungua," akasema. "Na kabureta hii si ya gari hili. Wamekutolea ya kwako."

Nikamwuliza litakuwa tayari lini. Akasema, "Dada, nikikutajia siku leo nitakuwa nakudanganya. Niache nifungue kwanza, halafu nitakupigia."

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa, nikijua nitapigiwa wakati wa Krismasi. Alipiga kesho yake. Akasema nije na Mama, tuone kwa macho. Alikuwa amepanga kila alichotoa kwenye karai, akamwonyesha Mama kimoja kimoja, hiki kimekufa, hiki bado kizima, hiki nitakitafuta kwa marafiki zangu wa Musoma. Halafu akamwomba Mama ainame kidogo, akamulika tochi chini ya gari.

"Mama, nisikufiche. Fremu imeliwa na kutu. Nitaichomelea, lakini kiraka ni kiraka. Nitakufikisha Sengerema na kukurudisha, polepole. Baada ya hapo mimi sitakubali libebe mtu safari ndefu. Ukitaka fundi wa kukuambia vingine, wapo."

Mimi nilitamani kumkatiza. Lakini Mama akasema, "Mwanangu, watu wote tangu mume wangu afe wananiambia maneno ya kunituliza. Wewe tengeneza." Kuanzia hapo akawa anamwita mwanangu, na kila nilipokwenda Nyakato nilipewa viazi vya kumpelekea.

Tukavuka Jumamosi ya tarehe 13. Mama alishuka kwenye gari akasimama kwenye ukingo wa kivuko, ameshika chuma, upepo unapeperusha kitenge, anatazama mawe ya Mwanza yanavyobaki nyuma. Nikamwuliza kama hajachoka. Akaniambia kwamba siku aliyovuka akiwa bi harusi aliogopa maji, akafumba macho njia nzima, na Baba akawa anamsimulia kinachoonekana. "Leo ndiyo nayaona," akasema.

Sengerema tulimkuta mama mkubwa kibarazani. Kabla sijazima injini alikwishasimama, mikono mbele, anasema, "Hilo ni la shemeji! Hilo ni la shemeji Shimba!" Mama alishuka upesi. Alimshika mkono, akamzungusha kwenye gari lote, akimpapasisha taa, mlango, bodi lile lililobonyea Baba alipogonga mti wa Magu. Kisha wakapanda ndani wote wawili wakafunga vioo. Nilikaa pale kibarazani nikiwasikia wakicheka, kaka. Kile kicheko chenyewe. Chai ilipoa, hawashuki.

Jumapili jioni nilipasha injini moto, nikamwita Mama tuondoke. Alitoka bila mkoba. Akaniwekea mkono begani kupitia dirisha, akasema, "Nenda salama. Mimi nabaki na dada." Nikadhani anatania. Akasema Kisesa kuna nyumba tu, na huku kuna mtu anayemhitaji kumshonea kifungo na kumsomea Biblia. Nikamuuliza nimwambie nini Jonathan. "Mwambie ninyi mlikuwa mkiniomba nisikae peke yangu. Basi sikai."

Nikarudi peke yangu. Kwenye kivuko nilibaki kwenye usukani, kiti cha kushoto kitupu, nikalia hadi kijana wa tiketi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimempeleka mama yangu kwao. Akasema, "Basi umefanya jema, dada." Sikujua kama nimefanya jema au nimempoteza. Leo, wiki moja baadaye, amenipigia kuniuliza mbegu zake za mlenda ziko wapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kazi nyingi.

Pijo liko uwanjani kwa Otuoma. Ameniambia yupo mtu wa Kisesa analitaka kwa kubebea majani ya ng'ombe, safari za karibu tu, na yeye mwenyewe atalitunza. Mama amekubali. Mimi nimeomba wasubiri Desemba. Njoo, Jonathan. Njoo uliendeshe hadi Bujora na kurudi, mimi nikae nyuma.

Msalimie sana wifi, na Favour umwambie shangazi yake ana kuku mweupe aliyemtengea. Kaka yetu Nestory na watoto wake wanakusalimu, na mama mkubwa Modesta anasema ameisikia sauti yako ndotoni, umpigie. Mungu akulinde katika kazi zako na akurudishe nyumbani ukiwa na miguu yako mizima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukungoja,

Selina