Kifuniko Kisichokauka

Nyumba za nyuma ya karakana,
Mlango wa tatu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu, za mama na za wote wa nyumba hii. U hali gani huko? Wifi hajambo? Na lile goti lako lililokuwa likilalamika kila ukipanda ngazi, limenyamaza? Sisi huku wazima. Mama anatembea vizuri, anakula vizuri, na kunigombeza ndiyo usiseme. Mpwa wako ameng'oka meno ya utoto na kuota mawili mapya ya mbele, basi siku hizi anamchekea kila mtu, hata mkusanya taka.

Najua barua yako ya mwezi wa pili sijaijibu. Nisamehe. Leo nimekaa nikuandikie, na nimeshainuka mara nne kabla ya kufika mstari huu. Roho haikai. Ngoja nikueleze, maana humu ndani hakuna mwingine atakayenielewa hata nikimchorea.

Linajengwa daraja la waenda kwa miguu juu ya reli, pale pale watu wanapovuka wakichungulia kulia na kushoto. Kazi ya kuzuia kutu tumepewa sisi, na safari hii kiongozi wa wapaka rangi ni mimi. Ndiyo, mimi, Siafu wako. Nina watu sita chini yangu, wote wanaume, na mwanzoni walikuwa wakinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Sasa wamezoea.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Tumepiga chuma mchanga kwa mashine mpaka kutu yote ikatoka, tukapangusa vumbi, tukapaka koti la kwanza kabla hewa ya jioni haijaleta unyevu, kisha epoksi juu yake, ile rangi isiyokauka bila kigumishi. Boriti za juu zote zimetoka safi. Alhamisi mkaguzi alipita na kipimo chake cha unene, akagusa hapa, akagusa pale, akatia sahihi, akaenda zake. Siku hiyo kichwa kilinivimba, sikufichi.

Ikabaki miguu ya nguzo. Nguzo ni nne, na mguu wa kila moja, kutoka chini mpaka usawa wa goti, utazikwa ndani ya zege. Tuliiacha ya mwisho kwa sababu mashimo yalikuwa yamejaa maji. Ijumaa maji yakatolewa, chuma kikakaushwa, na fundi mkuu akaja mbio mbio. Huyu tunamwita Saa Ngapi, maana hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu, na saa anayo mkononi. Akasema lori la zege linakuja Jumatatu asubuhi, kwa hiyo miguu imalizike leo leo. Mkaguzi hakuitwa tena. Miguu inayozikwa nani anaiangalia?

Miguu minne haimalizi kopo zima. Wewe ulinifundisha kwamba kopo halikatwi nusu: rangi yote, kigumishi chote, changanya, mwisho wa maneno. Lakini lilibaki kopo moja tu, nami nilitaka nusu yake nizibie mikwaruzo ya juu. Nikatoa kijiti chako. Bado ninacho, kaka, kile cha mti mgumu ulichokitia alama kwa kisu, rangi sehemu nne na kigumishi sehemu moja. Nikapima nacho kwa madaha, wenzangu wakinitazama. Nikachanganya, nikapaka miguu yote minne kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikafanya lile jambo lako jingine, la kudondosha tone la kila mchanganyiko ndani ya kifuniko cha kopo na kwenda nacho nyumbani. Ulikuwa ukisema chuma unakiacha kazini, kifuniko ndicho kinachokufuata kukwambia kama ulifanya kazi au ulicheza. Mama alikuwa akilia na vifuniko vyako vilivyojaa dirishani, na ugonjwa huo nimeurithi mimi. Vya wiki nzima vimepangwa hapa mbele yangu, vyote vigumu kama sahani.

Isipokuwa cha Ijumaa. Jana asubuhi nilikibonyeza kwa ukucha, ukazama. Nikasema ni baridi, kitakauka. Mchana nikabonyeza tena, ukazama. Leo, hata uso sijanawa, nimekibonyeza kwa dole gumba, na alama ya dole imebaki pale na mistari yake yote.

Ndipo nikakigeuza. Juu ya kifuniko, kwa maandishi madogo kama chawa, pameandikwa tatu kwa moja. Kopo lina rangi ile ile na ukubwa ule ule, ila mtunza stoo alileta la kiwanda kingine, na mimi sikusoma. Nilikitazama kijiti chako, kopo sikulitazama. Kigumishi kilikuwa kidogo, kaka. Ile rangi haitakauka kesho, haitakauka mwakani.

Nimeinuka tena, nimerudi. Nilikwenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Kesho wakimwaga zege, hakuna atakayejua. Mkaguzi alishatia sahihi. Kutu itaanza kule ndani taratibu, itavimba, itapasua zege, na siku nguzo itakapoanza kulegea mimi sijui nitakuwa wapi. Ila najua nani atakuwa juu ya daraja. Mwakani huyu wa meno mawili anaanza shule, na shule iko ng'ambo ya reli.

Nikisema, lori linarudishwa, kazi inasimama, na uongozi wangu wa miezi miwili unakwisha. Kuna wawili kati ya wale sita ambao wanangojea siku kama hiyo kwa hamu, na maneno yao tayari nayasikia. Mama ananitegemea mimi, na baba watoto tangu gari la kazini kwao lipate ajali yuko nyumbani na mkono kwenye plasta. Nimehesabu sababu zote za kunyamaza. Ni nyingi na zote ni za kweli.

Na hapa inabidi niseme lile ambalo hatujaliandika kwa miaka minane. Ule mnara wa tangi la maji. Uliamka ukawaambia wakubwa, bila kuulizwa, kwamba miguu ya mnara uliipaka asubuhi ya umande na rangi haikushika. Wakakufukuza, na hakuna mkandarasi wa mji huu aliyekupokea tena. Siku unaondoka, kituoni, mama alikuwa ameukumbatia mfuko wako kama mtoto mchanga. Mimi sikukupa mkono. Nilikwambia, "Ungenyamaza tu," nikageuka. Wewe ukachukua mfuko wako, ukapanda.

Miaka yote hii nilikuwa nikijiuliza ulikuwaje mjinga kiasi kile. Leo nimekaa na kifuniko mezani, najiuliza uliwezaje.

Mama amepita sasa hivi. Ameniuliza, "Hicho kifuniko kina nini? Tangu asubuhi unakibonyeza kama embe la sokoni." Nimemwambia hakina kitu. Amenitazama kwa muda, vile alivyokuwa akikutazama wewe wiki ile ya mnara, halafu akaenda kuanua nguo. Naweka kalamu chini.

Jumatatu, saa kumi jioni

Kaka, naendelea pale nilipoachia.

Nilifika kazini kabla mlinzi hajafungua lango. Nilizunguka ile mifuko ya saruji mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Saa Ngapi akaja, na kabla hajauliza swali lake nikamwekea kifuniko mkononi.

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza. Akatazama dole lake. "Hii ya wapi?"

"Ya miguu. Yote minne. Nilipima vibaya, nilipima mimi."

Akatazama langoni, na lori lilikuwa limeshaingia, pipa lake linazunguka. Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe," nikasema.

Nitakwambia ukweli, swali lile lilinishika. Lilikuwa mlango, ameufungua na amesimama pembeni nipite. Wala hakuwa mtu mbaya wakati ule, alikuwa mtu anayeogopa wakubwa wake kama mimi ninavyowaogopa. Nikamwambia kwamba mwanangu atapita juu ya nguzo zile, na kwamba zege likimwagwa nitampigia mkaguzi simu mimi mwenyewe, hapo hapo nilipo. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kuku, lakini ilitoka.

Aliyonijibu siyaandiki, kwa sababu mama atataka kuisoma barua hii kabla sijaifunga. Lori likageuzwa. Dereva alipiga honi mpaka barabarani.

Nikaanza kukwangua. Epoksi iliyogoma kukauka unaijua ilivyo, inavutika, inashika skrepa, inashika glavu, inashika nywele. Nilishuka shimoni peke yangu. Baada ya muda akashuka mpiga mchanga wetu, yule mzee wa maneno mawili kwa siku, akapiga magoti upande wa pili wa nguzo, akaanza kukwangua bila kuniuliza lolote. Wengine walisimama juu wakitema mate. Kufika saa sita watatu zaidi walikuwa wameshuka, na wale wangu wawili wa kungojea wakaendelea kungojea.

Saa nane wakubwa wakafika. Walimkabidhi uongozi mpiga mchanga, na mimi nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nikauliza nitaitwa lini. Wakasema nitaitwa. Mguu wa nne nilikuwa sijaumaliza, na hilo ndilo linaloniwasha kuliko yote. Nimejikuta nikikwangua meza kwa ukucha.

Mama alikuwa mlangoni. Aliponiona nimerudi na jua bado liko juu, alinisogezea kigoda. Nikamweleza yote, kijiti, kifuniko, lori, Saa Ngapi. Alinisikiliza akiwa ameshika kifuniko, anakizungusha. Nilipomaliza akasema, "Basi sasa ninao wawili." Akainuka akakirudisha dirishani, kwenye mstari, pamoja na vile vilivyokauka. Sikuweza kujua kama analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza.

Kaka, nilikukosea pale kituoni. Nimelibeba neno lile miaka minane nikidhani ni busara. Naomba radhi, na mkono niliokunyima naunyoosha sasa, ingawa umejaa rangi.

Kijiti chako sikukitupa. Jioni hii nimechukua kisu cha jikoni nikachonga upande wake wa pili, tatu kwa moja, na juu yake nimeandika SOMA KOPO. Kama wataniita, nitakwenda nacho. Kama hawataniita, nitakutumia wewe. Niandikie upesi unieleze ulifanya nini zile wiki za mwanzo, ulikaa vipi na mikono yako bila kazi, maana mimi siku ya kwanza tu nimeshafagia uwanja mara tatu.

Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa chake kilifika na mama hataki mtu akiguse. Wabusu wanangu wote wawili, waambie shangazi yao hajambo. Mama anakusalimu na anasema ule. Shemeji yako anakusalimu kwa mkono ule mzima. Mwenyezi Mungu akulinde juu ya ngazi na chini yake, na atukutanishe tukiwa hai, nami nije kituoni kukupokea kwa mikono miwili.

Wako akupendaye,

Mdogo wako Siafu,
yule aliyekwambia ungenyamaza.