Hina na Chapati za Kukunja

Jumapili, 27 Machi 1966

Unga umekwisha kabla jua halijafika kibarazani. Mtaa mzima unataka chapati ya kukunja. Yai ndani, kitunguu, pilipili mbichi, unakunja, unakula umesimama. Masoud alikuwa akila hivyo Unguja kabla ya kwenda kazini. Watu wa Maskati wanadhani ni ujuzi wangu. Ni uvivu wa mume wangu tu, hakutaka kuketi.

Mimi nyuma ya pazia na jiko, ndugu yangu Seif mbele na wateja. Mabega yanauma. Miaka miwili sasa tangu meli itulete, Masoud akabaki kungoja ruhusa ya kusafiri. Barua yake ya mwisho ya Septemba. Nimeshaisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Namngoja. Hata hizi chapati ni namna ya kumngoja.

Alhamisi, 31 Machi

Kesho Iddi. Seif kasema huenda Masoud akaja baada ya Iddi. Hakunitazama aliposema.

Nimetia hina mikono yote, mpaka kwenye kucha. Nimejifukiza udi. Nimejiona mjinga, na nimefurahi.

Jumatatu, 4 Aprili

Kaja Bi Thureya, jirani yetu wa Unguja, aliyewasili juzi. Kaingia moja kwa moja jikoni, kanikumbatia, analia. Nikadhani analilia taabu za safari. Halafu akanishika mikono, akaiona hina. Akaiachia kama aliyeshika kikaango cha moto.

"Zuwena, umetia hina?"

Nikamwambia ya Iddi, Bibi. Akajitanda buibui lake akatoka. Chapati niliyomwekea hakuigusa.

Nimeunguza mbili. Seif kawapa wateja hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Aprili

Mwanamke gani anakatazwa hina? Namjua ni yupi. Sitaki kuandika.

Jumatano, 6 Aprili

Nimezima jiko wateja wangali kwenye mabenchi. Nimemwita Seif nyuma ya pazia. "Nambie." Akakaa juu ya gunia la unga, akanambia.

Masoud kafa. Homa, tarehe kumi Oktoba. Barua ya wifi yangu ilifika Novemba. Seif kaificha chini ya godoro lake. Kailalia miezi mitano.

"Dada, ungekaa ndani eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi. Nani angekaanga? Tungekula nini hapa ugenini?" Kisha akasema, "Na nilikuonea huruma."

Huruma aliitaja ya pili.

Namchukia. Nimemwambia usoni.

Alhamisi, 7 Aprili

Sikufungua. Nimevaa nyeupe, nimetandika mkeka chumbani, nimekaa eda. Wateja wamegonga mpaka wakachoka.

Alasiri Seif kaja na shekhe. Shekhe akakaa upande wa pili wa pazia, pale wanapokaa wanaongoja yai. Sauti yake ya upole, hilo ndilo lililonikera zaidi. "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Yako imeshakwisha Februari. Kulia, lia. Eda huna."

Nikauliza, hata siku moja? Hata moja.

Kwa hiyo nimeshakuwa mjane, na nimeshamaliza. Miezi minne na siku kumi, nikikaanga mayai, nikichekeshwa na mahamali wa forodhani, nikijipaka mafuta mazuri kila Ijumaa Masoud asije akanikuta nanuka vitunguu. Bi Thureya akiniona hivyo alifikiri nini? Kwamba nilikuwa nimeshamsahau mume wangu. Nani atamwambia Bibi kuwa sikujua?

Ijumaa, 8 Aprili

Nimelirudisha nyuma daftari hili mpaka tarehe kumi Oktoba. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu.

"Leo chapati zimetoka laini."

Jumapili, 10 Aprili

Nimefungua. Watu walikuwa wameshajipanga nje, hawajui lolote, wanataka na pilipili. Seif simsemeshi. Nampitishia sahani chini ya pazia.

Nimesugua mikono kwa ndimu na majivu. Viganjani hina inafifia. Kwenye kucha haitoki. Itatoka kucha zikikua zote, nikazikata kidogo kidogo. Itachukua miezi. Minne, labda na siku kadhaa. Mpaka hapo sitii hina nyingine, sijipaki mafuta, sivai nguo ya rangi, sitoki mlangoni. Nakaanga tu. Shekhe sijamuuliza na sitamuuliza.

Jioni nimetazama ukucha wa kidole gumba karibu na taa. Chini, pale unapoanzia, pameshatoka mstari mweupe, mwembamba kama uzi.