Faulo ya Tano ya Ephantus

Nakuru,
13 Juni 1959

Kwa dada yangu mpenzi Chepkemboi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku inanisumbua, na chumba kimekuwa kikubwa tangu nibaki peke yangu.

Ile kazi ya urefa wa mpira wa kikapu bado naifanya kila Jumamosi, nikitoka kwenye kinu cha unga. Mwalimu Achola, anayetufundisha, alikuwa akinigombeza kila siku. Alisema naukodolea mpira macho kama mtoto aliyeona chapati, kumbe ubaya unafanyika kule nyuma, kwa wale wasio na mpira. Basi nikajifunza. Refa mwenzangu akiangalia mpira, mimi naangalia viwiko. Haki ya Mungu, dada, ni kazi ngumu kuacha kutazama kile ambacho watu wote wanakitazama!

Wachezaji hawali na refa, wasije wakasemwa wamemhonga. Ni Ephantus tu, niliyekuwa nikiishi naye, ambaye hakujali. Alinipikia chai na kunitania kwamba nina macho ya kinyonga.

Wiki tatu zilizopita timu yake ilicheza fainali. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mtu akaanguka upande wangu, mbali na mpira, na Ephantus amesimama kando yake. Nikapuliza filimbi. Ilikuwa faulo yake ya tano, akatolewa, wakashindwa kwa pointi moja. Aliapa mbele ya wote kwamba hakumgusa. Mwalimu Achola akanipa mkono, akasema sasa nimekuwa refa kamili, naona uwanja mzima. Jioni hiyo Ephantus akafunga godoro lake, akahamia kwa binamu yake. Hatusalimiani tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuona kitu. Mpira ulikuwa unaingia kikapuni na mimi, mjinga, nikautazama. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikaona aibu kwamba nimepitwa, nikakisia tu. Nimemwaibisha rafiki yangu ili nionekane nina macho.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nizoee kulisema. Kesho baada ya ibada nitasimama mbele yake na timu yake yote, niseme sikuona. Filimbi watanipokonya, najua. Ninachoogopa ni kwamba hata hivyo hatarudi.

Msalimie mama sana. Ukimsomea barua hii, ruka hapo katikati.

Ni mimi ndugu yako,
Kiplangat arap Kosgei